Laini moja ya intaneti, kompyuta nne: ugawe kwa simu, kompyuta, ruta au kebo?

Swali ninaloulizwa sana kuhusu intaneti ya nyumbani ni la kasi. Mtu ana laini moja ya megabiti 20, ana kompyuta nne, anataka kujua itatosha au haitoshi. Mi huwa namuuliza kwanza kitu kingine, hapo kwako nani anagawa? Maana kwa kawaida mtoa huduma akikuletea intaneti nyumbani anakupa anwani moja ya IP (namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao), moja tu, na lazima kuwe na kifaa kinachokaa mlangoni kinaipokea hiyo moja alafu kinawagawia wote waliomo ndani. Inaweza kuwa simu, inaweza kuwa kompyuta mojawapo, inaweza kuwa ruta. Na mapungufu ya huyo mgawaji ndo yatakuwa mapungufu ya nyumba nzima.

Hiyo kazi ya kugawa inaitwa NAT na imeanza zamani, anwani za IPv4 (aina ya zamani ya anwani za IP) ziko kama bilioni 4.3 tu kwa dunia yote na watu walishaona mapema kwamba zitaisha, kwa hiyo 1994 ikaandikwa hiyo njia ya NAT na mwaka huohuo zikatengwa anwani maalumu za ndani, zile za 192.168, za 10, na za kuanzia 172.16 mpaka 172.31. Ndo maana laptopu yako inaweza kuwa 192.168.1.5 na ya jirani yako pia ikawa 192.168.1.5 na wala hamgombani, kila nyumba ina namba zake za ndani, nje inaonekana ile moja tu ya mlangoni.

Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu mimi mwenyewe kutolijua kulinigharimu. Nilikuwa na modemu (kifaa kinachopokea laini ya mtoa huduma) ya poti moja na kompyuta mbili za mezani, nikaenda kununua kifaa cha kugawa, muuzaji akanipa swichi ya poti tano akaniambia chomeka tu hii inagawa. Nikachomeka. Kompyuta ya kwanza ikashika intaneti vizuri, ya pili ikatoa ile alama ya njano, nikiangalia anwani yake naona 169.254 na manamba mengine mbele. Nikabadilisha kebo, nikabadilisha poti, nikazima zote nikaanza na ile ya pili, ikashika yenyewe na ya kwanza ndo ikakosa! Yaani inayowahi ndo inapata. Ikaniishia jioni nzima hapo. Ukiona 169.254 kwenye Windows jua kompyuta imeomba anwani na hakuna aliyemjibu, ikajipa yenyewe ya kubuni. Swichi inagawa nyaya, haigawi intaneti, lazima nyuma yake kuwe na ruta. Modemu nyingi za sasa zina ruta humohumo ndani ndo maana watu wengi hili haliwakuti, ila kama yako ni modemu tupu, usinunue swichi peke yake.

Sasa tuanze na hotspoti ya simu kwa sababu ndo kila mtu anayo tayari. Uzuri wake hauhitaji kununua chochote, unawasha kwenye seti za simu, unaweka pasiwedi, kompyuta zinaingia. Kwa siku mbili tatu, au umeme ukikatika na ruta imezima, hakuna kinachoishinda. Kwa nyumba yenye kompyuta nne kila siku mi siikubali hata kidogo, na sababu kubwa sio kasi, ni kwamba simu ina mwenyewe na mwenyewe anatoka. Akienda dukani intaneti imeenda naye. Akipigiwa simu, kwenye baadhi ya mitandao data inasimama mpaka amalize kuongea. Betri inaisha haraka, simu inachemka, na ikichemka sana inajipunguzia nguvu yenyewe.

Ila kuna kitu wengi hawakitumii na ni kizuri, kugawa kwa waya wa USB. Kama kompyuta ni moja au mbili na ziko karibu, chomeka simu kwenye kompyuta kwa waya wake wa chaji alafu kwenye simu washa kugawa kwa USB badala ya hotspoti. Simu inachaji hapohapo, haihangaiki kurusha waifai, na pingi (muda wa ujumbe mdogo kwenda na kurudi) inatulia. Nimeshafanya kazi hivo mwezi mzima.

Na ukitumia bando la simu kwa njia yoyote ile, kwenye Windows ingia kwenye seti za huo mtandao uwashe ile sehemu ya kuiambia kwamba hii laini inalipiwa kwa kipimo. Usipofanya hivo kompyuta inaona waifai ya kawaida tu, inaanza kudauniloadi apudeti, gigabaiti zinaondoka na wewe hata hujafungua kitu.

Njia ya pili, kompyuta mojawapo kuwa mgawaji. Hii ni ya siku nyingi, Windows 98 toleo la pili ya 1999 ndo ilikuja nayo, na wakati ule ilikuwa na maana sana kwa sababu intaneti ilikuwa inaingia kwa modemu iliyochomekwa kwenye kompyuta yenyewe. Saivi Windows 10 na 11 zina hotspoti yao ndani, inabeba mpaka vifaa 8, na Linux nayo inayo. Shida yake ni ileile ya simu ila mbaya zaidi, hiyo kompyuta lazima iwe imewashwa muda wote. Ikilala, wote wamekatika. Ikianza kujirestati kwa apudeti, wote wanasubiri. Mtoto akifunga laptopu akaenda kulala, baba aliyeko chumba kingine kwenye kikao anapotea hewani.

Pamoja na hayo kuna sehemu moja ambayo hii njia inashinda zote. Una kompyuta ya mezani ya zamani haina kadi ya waifai, laptopu iko pembeni yake ina waifai, na ruta iko mbali huwezi kuvuta kebo. Unachomeka kebo fupi ya mtandao kati ya laptopu na ile ya mezani, unaiambia Windows igawe intaneti ya waifai kwenda kwenye hiyo poti ya kebo, basi, ya mezani itapata anwani ya 192.168.137 na kitu mbele na itaingia mtandaoni. Ni dakika tano. Nje ya hapo mi nashauri uipite hii njia, weka ruta.

Ruta inashinda kwa jambo moja kubwa, haina kazi nyingine. Iko hapo usiku na mchana, hailali, haitoki na mtu, na inagawa anwani yenyewe kwa kila kifaa kinachoingia. Kwa hiyo kwa nyumba ya kompyuta kuanzia tatu mimi sina mjadala kwenye ruta. Mjadala wangu ni ukishakuwa na ruta, kutoka hapo mpaka kwenye kompyuta upite hewani au upite kwenye waya, na hapa ndo naona watu wengi wanakosea na wanaumia bure, wanalipia kifurushi kikubwa zaidi wakati tatizo liko ndani ya nyumba yao wenyewe.

Waifai ni hewa, na hewa ni moja. Vifaa vyote vilivyo kwenye chaneli moja vinaongea kwa zamu, mmoja akiongea wengine wananyamaza, na vya jirani yako vikiwa kwenye chaneli hiyohiyo navyo vinaingia kwenye hiyo zamu japo hamjuani. Alafu kuna hili ambalo halisemwi sana, laptopu iliyo mbali na ruta inaongea polepole, kwa hiyo kutuma kitu kilekile inashika hewa muda mrefu kuliko iliyo karibu, na wote wanaisubiri. Kwa maana hiyo kompyuta moja tu iliyo chumba cha mwisho ikianza kudauniloadi inaweza kuwashusha kasi waliokaa pembeni kabisa ya ruta. Wewe uliyekaa karibu una nembo ya waifai imejaa na bado video inaganda, unalaumu mtoa huduma.

Kwenye ruta nyingi utakuta masafa mawili, 2.4GHz na 5GHz. Ya 2.4 inapenya ukuta vizuri ila ni ya polepole na imejaa watu, Bluetooth iko humo, hata maikrowevu inatumia masafa hayohayo, ikiwashwa unaweza kuona waifai inayumba mpaka imalize. Na chaneli zake zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, kwa hiyo ukiweka 3 unawavuruga wa 1 na wa 6 na wao wanakuvuruga. Ya 5 ina nafasi kubwa na kasi, ila ukuta mmoja mnene unaipunguza sana, miwili ndo usiseme. Laptopu iliyo chumba kimoja na ruta iweke kwenye 5, ya mbali iache kwenye 2.4, na hiyo kasi kubwa iliyoandikwa kwenye boksi la ruta isikudanganye, mara nyingi wamejumlisha masafa yote, hakuna kompyuta moja itakayoiona.

Kebo haina hayo yote. Kila kompyuta ina njia yake, inatuma na kupokea kwa wakati mmoja, haisubiri zamu ya mtu, na mpaka mita 100 kasi haishuki. Kebo ya Cat5e ya kawaida kabisa inabeba megabiti 1000, huhitaji Cat7 wala Cat8 kwa intaneti ya nyumbani hata mtu akushawishi vipi. Na poti za ruta zikiisha hapo sasa ndo unanunua swichi, ukaichomeka kwenye ruta, inafanya kazi yake vizuri kabisa.

Kitu cha kuangalia kwenye kebo ni nyaya zenyewe ndani. Ziko nane, na ili upate megabiti 1000 zote nane lazima ziwe nzima, wakati megabiti 100 inatumia nne tu. Kwangu kulikuwa na kebo inapita chini ya mlango, kompyuta ilikuwa inakopi mafaili kwa 1000 siku zote, siku moja naona imeganda kwenye 100. Intaneti ipo, hakuna kosa lolote linaloonekana, kasi tu imeshuka. Nikaifuata kebo kwa mkono taratibu mpaka mlangoni, nikakuta ganda limesagika pale mlango unapokwaruza, waya wa kahawia umekatika. Nikaikata hapohapo nikaweka kichwa kipya, ikarudi 1000. Kwa hiyo ukiona kompyuta inasema 100 na kifaa chako ni cha 1000, usihangaike na seti, fuata waya.

Kama laini yako ni ya megabiti 20 utaniambia hiyo 100 si inatosha? Kwa intaneti inatosha, kweli. Tofauti utaiona ukikopi mafaili kati ya kompyuta na kompyuta ndani ya nyumba. Na kumbuka laini inauzwa kwa megabiti wakati kompyuta inakuonyesha megabaiti, gawanya kwa 8, megabiti 20 ni kama megabaiti 2 na nusu kwa sekunde, sio kwamba umeibiwa.

Pale ambapo kebo haiwezi kupita na waifai haifiki, kuna vifaa vya kupitisha mtandao kwenye nyaya za umeme, unachomeka kimoja kwenye soketi karibu na ruta na kingine kwenye chumba cha mbali. Vinafanya kazi, ila kasi halisi ni ndogo sana kuliko iliyoandikwa juu yake na inategemea nyaya za nyumba zilivyofungwa. Chomeka ukutani moja kwa moja, sio kwenye ekstensheni, hasa zile zenye kuzuia umeme kupanda, zinaua mawimbi yake. Jaribu kabla hujaamua, nyumba na nyumba zinatofautiana.

Wengi hukimbilia vile vidude vya kurudia waifai vinavyochomekwa kwenye soketi katikati ya njia. Navyo naviweka mwisho kabisa. Cha bei ndogo kina redio moja, inapokea alafu inarudia kilekile kwenye hewa ileile, kwa hiyo kasi inakatika karibu nusu hapohapo. Watu wanaona nembo imejaa wanafurahi, kumbe imejaa ya kile kidude sio ya intaneti. Ile mifumo ya meshi (ruta kadhaa zinazofanya kazi kama moja) yenye redio ya pekee ya kuongea yenyewe kwa yenyewe ni bora zaidi, na meshi iliyounganishwa kwa kebo ni bora kuliko zote. Ila kama una ruta ya zamani imekaa kabatini unayo tayari dawa yenyewe. Ingia kwenye seti zake, badili anwani yake iwe 192.168.1.2 kama ile kubwa ni 192.168.1.1, zima DHCP (ile kazi ya kugawa anwani), alafu vuta kebo kutoka ruta kubwa uichomeke kwenye poti za kawaida za LAN (za kompyuta za ndani), sio ile ya WAN (ya kupokea laini). Ipe jina na pasiwedi ileile ya waifai ila chaneli tofauti. Ukisahau kuzima DHCP utakuwa na wagawaji wawili wa anwani, kompyuta nyingine zitapewa na ruta isiyo na njia ya kutoka nje, na hapo intaneti itakuwa inapatikana kwa bahati.

Sasa nirudi kwenye swali la megabiti 20 na kompyuta nne. Netflix wenyewe wanashauri megabiti 5 kwa video ya 1080p, kwa hiyo video tatu za hivo na bado inabaki. Kwa kushusha inatosha. Kinachoua nyumba nyingi ni kupandisha, ambako laini nyingi zina kasi ndogo sana na hakuna anayeangalia. Dada yangu alikuwa kwenye usaili wa kazi kwa video, anasikia nusunusu, wao wanamwona ameganda mdomo wazi, na hakuna mtu aliyekuwa anaangalia video wala kudauniloadi. Nikafungua vidirisha viwili vya amri, kimoja nikaandika ping 192.168.1.1 -t, cha pili ping 8.8.8.8 -t, ambayo ni anwani ya Google huko nje. Ruta ilikuwa inajibu kwa milisekunde 1 au 2, nje ambako kawaida ni 30 ilikuwa imefika 900 na ushee. Nikazunguka vyumbani, nikakuta laptopu nyingine imefunikwa na haijalala, inapandisha mapicha yote ya simu kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni. Nikaisimamisha, sekunde mbili pingi ikarudi 30 na dada akaanza kusikika. Aliumia kwa dakika kumi za usaili ambazo hazirudi, na bado linaniuma.

Kilichotokea ni foleni. Data zikija nyingi kuliko laini inavyoweza kutoa, ruta au modemu haizitupi, inazipanga, na sauti ya simu ya video inajikuta nyuma ya mamia ya vipande vya picha. Huo mtihani wa pingi mbili ufanye kwako leo. Ruta ikijibu haraka na nje ikichelewa, shida ni foleni ya laini. Ruta yenyewe ikichelewa au ikiruka, shida ni waifai yako, na hata ukilipia megabiti 100 haitabadilika. Dawa ya foleni ni ruta yenye uwezo wa kuipanga vizuri, kwenye OpenWrt (programu ya bure ya kuendeshea ruta) inaitwa SQM, unapima kasi halisi ya laini alafu unaiwekea kama asilimia 90 ya hiyo, kupanda na kushuka, ili foleni ikae kwenye ruta inayojua kupanga na sio kwenye modemu. Kwenye laini ya data za simu ambayo kasi inabadilika kila saa ni ngumu zaidi kuipata sawa, hapo mi huwa naingia kwenye ile programu ya kupandisha picha naiwekea kikomo cha kasi.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningechagua hivi. Kompyuta moja au mbili na bando la simu, USB. Mko wengi na hakuna laini ya kudumu, kuliko hotspoti ya simu ya mtu nunua ruta inayoingia laini ya simu, iweke karibu na dirisha ikae hapo. Kuna laini ya kudumu, ruta, na kompyuta zote ambazo hazihami, za mezani, runinga, mashine ya gemu, zipe kebo, kila unayoitoa hewani unawaachia nafasi laptopu na simu ambazo hazina namna nyingine. Pasiwedi iwe ya ulinzi wa WPA2 au WPA3, WPS (njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika pasiwedi) izime kwa sababu namba yake ya siri inavunjika, hilo lilishaonyeshwa tangu 2011, na wageni wape ule mtandao wa wageni kama ruta inao ili wasione kompyuta zenu.

Na kama nyumba ina Windows zaidi ya moja, ingia kwenye seti za apudeti, tafuta sehemu ya kugawana na kompyuta nyingine, uiwashe kwa zile za mtandao wa ndani tu, usiruhusu za nje maana hizo zitatumia kasi yako ya kupandisha. Hapo vipande vya apudeti ambavyo kompyuta moja imeshashusha, nyingine zinaweza kuvichukua kwake kupitia ile kebo yako ya megabiti 1000, bila kugusa laini.